Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Kiungo wa Soka la Wanawake la Italia

Straika ni rahisi kumwandikia. Unahesabu mabao yake, unataja mataji, kazi imekwisha. Kiungo aliyeanza mechi 25 na kufunga mabao mawili, ukimwandika kwa mtindo huo ataonekana hana lolote, kumbe huenda ndiye aliyekuwa akiiendesha timu. Kwa viungo wa Italia kuna shida ya pili, na ndiyo inayowaangusha waandishi wengi: klabu walizopitia zimebadili majina, zimekabidhi nafasi zao za ligi kwa klabu nyingine, na baadhi hazipo tena. Kwa hiyo anza na klabu, uje kwenye dakika alizocheza, na mabao yaje mwisho.

Kabla ya sentensi ya kwanza

Chora jedwali mbili. Ya kwanza ni ya klabu, mstari mmoja kwa kila msimu na kila timu: msimu, klabu, daraja la ligi, mechi za ligi, mechi alizoanza, dakika, mabao, na ndani ya hayo mabao ya penalti. Kando yake weka safu za Coppa Italia (kombe la mtoano la Italia), Supercoppa (kombe la timu bora za msimu uliopita) na mashindano ya Ulaya. Zitenganishe tangu mwanzo. Ukishazichanganya, kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kuanza upya.

Jedwali ya pili ni ya timu ya taifa, na hii haiendi kwa msimu bali kwa mechi: tarehe, mpinzani, mashindano, dakika, bao. Usiunganishe jedwali hizi kwa namna yoyote. Mabao 40 "ya maisha yake yote" yasiyosema yametoka wapi hayamsaidii msomaji, na mwandishi anayekuja baada yako hawezi kuyahakiki.

Msimu wa Italia unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30 ya mwaka unaofuata, kwa hiyo andika 2018–19, si 2018 peke yake. Ukimwandikia mchezaji wa zamani, kumbuka kwamba hadi 1985 ubingwa ulichezwa ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, na mtindo wa kuvuka mwaka ulianza 1985–86. Klabu ya Trani inaonyesha vizuri mtego uliopo hapo. Mwaka 1985 ilitwaa ubingwa ikiitwa Sanitas Trani 80, na msimu wa 1985–86 ikautwaa tena ikiitwa Despar Trani 80. Asiyejua ataandika kwamba mchezaji alihama klabu, wakati kilichohama ni mdhamini. Majina ya wadhamini yalikuwa ya kawaida wakati huo. Mabingwa mmoja wa miaka ya 1980 kutoka Lecce waliitwa Alaska Gelati, jina la aiskrimu.

Fuata nafasi ya ligi, usifuate jina

Italia inaruhusu klabu moja kukabidhi haki yake ya kushiriki ligi kwa klabu nyingine. Kuanzia katikati ya miaka ya 2010, klabu kubwa za wanaume zilipoamua kuingia soka la wanawake, nyingi zilipita mlango huo badala ya kuanzia daraja la chini. Sassuolo iliingia 2016 kupitia Reggiana. Juventus iliingia 2017 kupitia Cuneo. Mwaka 2018 Milan ilichukua nafasi ya Brescia na Roma ikachukua ya Res Roma. Sampdoria ilichukua ya Florentia San Gimignano mwaka 2021, na Parma ikachukua ya Empoli mwaka 2022.

Makosa matatu yanazaliwa hapa.

La kwanza ni kudhani nafasi ikihama, wachezaji wote wamehama nayo. Siyo hivyo. Brescia iliyokuwa bingwa 2013–14 na 2015–16 ilikuwa na viungo Valentina Cernoia na Martina Rosucci, ambao wote walikwenda Juventus 2017, mwaka mmoja kabla Milan haijaingia. Manuela Giugliano ndiye aliyetoka Brescia akaenda Milan mwaka 2018, akakaa msimu mmoja, na 2019 akahamia Roma. Kila mchezaji mfuatilie peke yake.

La pili ni kumwandikia mchezaji klabu ambayo hakuwahi kuichezea. Arianna Caruso, mzaliwa wa Roma, alipitia Res Roma kabla ya Juventus. Alikwishaondoka kabla nafasi ya Res Roma haijaenda AS Roma. Ukiandika "aliwahi kuichezea AS Roma" umekosea, hata kama mtu atakuambia ni timu ileile.

La tatu ndilo gumu kugundua. Klabu iliyotoa nafasi yake si lazima ife. Brescia iliendelea kuwepo baada ya 2018, ila ilianzia madaraja ya chini. Kwa hiyo "Brescia 2016–17" na "Brescia 2019–20" ni jina moja lenye uzito tofauti kabisa: ya kwanza ni timu ya kugombea ubingwa, ya pili haipo Serie A, yaani daraja la juu. Safu ya daraja uliyoiweka kwenye jedwali ndiyo itakayokuokoa. Tahadhari hiyohiyo inahusu jina "Milan" kwenye rekodi za miaka ya 1990: klabu ya wanawake ya ACF Milan iliyotwaa ubingwa wakati huo haikuwa sehemu ya AC Milan.

Usajili wa Januari unaleta mistari miwili ndani ya msimu mmoja. Giulia Dragoni, aliyezaliwa Novemba 2006, aliondoka Inter kwenda Barcelona Januari 2023. Msimu wa 2022–23 kwake una mstari wa Italia na mstari wa Hispania. Kisha angalia kama mechi za Barcelona ni za kikosi cha kwanza au za timu B, maana kwa kijana wa umri huo nyingi zitakuwa za timu B, na hizo haziingii kwenye safu moja na za kikosi cha kwanza. Mechi za Primavera, ligi ya vijana ya Italia, nazo hukaa nje ya hesabu. Msimu wa 2024–25 Dragoni alicheza Roma kwa mkopo. Andika neno "mkopo" palepale kwenye mstari, usisubiri kulieleza kwenye aya ya chini.

Kusoma karatasi ya mechi ya Kiitaliano

Takwimu zilizokwisha kujumlishwa mara nyingi hazikubaliani, hasa kwa misimu ya kabla ya 2018, soka la wanawake lilipokuwa bado chini ya chombo cha soka la ridhaa. Njia ya kuaminika ni kurudi kwenye karatasi za mechi na kujumlisha mwenyewe. Huhitaji kujua Kiitaliano. Unahitaji kujua alama chache.

Mstari wa kikosi unaanza na jina la timu na mfumo, kwa mfano 4-3-3 kwenye mabano. Nukta mkato hutenganisha safu za uwanjani: kipa, mabeki, viungo, washambuliaji. Koma hutenganisha wachezaji wa safu moja. Kwa kawaida majina ya safu hupangwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye viungo watatu, jina la kati ndilo la anayecheza chini akigawa mipira, na wawili wa pembeni ni wale wanaopanda na kushuka. Taarifa hiyo ni dhahabu kwa anayeandika habari za kiungo, na haipatikani kwenye jedwali la takwimu.

Baada ya jina kunaweza kuwa na mabano yenye dakika na jina jingine: huyo ndiye aliyeingia badala yake. "A disp." ni walioko benchi, "All." ni kocha, "rig." ni penalti, "aut." ni bao la kujifunga. "Ammonite" ni waliopewa kadi ya njano, "espulse" ni waliotolewa nje. "Presenze" ni mechi alizocheza na "reti" ni mabao.

Dakika ndizo zenye mtego. Waitaliano huhesabu kila kipindi kuanzia sifuri. "pt" ni kipindi cha kwanza, "st" ni kipindi cha pili, "pts" na "sts" ni vipindi viwili vya muda wa nyongeza. Kwa hiyo "26' st" ni dakika ya 71.

Chukua Kombe la Dunia la 2019, Italia dhidi ya Jamaika mjini Reims, 5–0. Kiungo Aurora Galli alitokea benchi akafunga mawili, dakika ya 71 na ya 81. Kwa Kiitaliano yanasomeka 26' st na 36' st. Mwandishi asiyejua alama hizo atasema Galli alifunga dakika ya 26 na ya 36, yaani kipindi cha kwanza, wakati hakuwa hata uwanjani. Kosa la namna hiyo linageuza habari nzima: kiungo wa akiba aliyeingia akaimaliza mechi anakuwa kiungo aliyeianza.

Tazama mechi nyingine, Italia na Afrika Kusini mjini Wellington, Agosti 2, 2023, ambayo Banyana Banyana walishinda 3–2. Kwa mtindo wa Italia mabao yataorodheshwa hivi:

11' pt rig. e 29' st Caruso (I), 32' pt aut. Orsi (I), 22' st Magaia (S), 47' st Kgatlana (S)

Isome taratibu. Caruso alifunga mawili, la kwanza kwa penalti dakika ya 11, la pili dakika ya 74. Orsi ni Mwitaliano, na herufi I iko mbele ya jina lake, lakini "aut." inasema alijifunga, hivyo bao ni la Afrika Kusini. Magaia alifunga dakika ya 67. La Kgatlana, 47' st, ni dakika 45 za kipindi cha pili na mbili za majeruhi, zile refa anazoongeza mwishoni mwa kipindi: liandike 90+2. Kwenye jedwali ya Caruso utaweka mabao mawili, moja la penalti.

Hiyo 47' st inatuleta kwenye mtego mdogo zaidi lakini mkali. Nusu fainali ya Euro 2025 mjini Geneva, Italia iliongoza kwa bao la Barbara Bonansea la dakika ya 33. Michelle Agyemang akaisawazishia Uingereza dakika ya 90+6, halafu Chloe Kelly akafunga la ushindi dakika ya 119. Bao la Agyemang kwa hesabu ya vipindi ni 51' st. Ukijumlisha 45 na 51 unapata 96, na ukiandika "dakika ya 96" kwenye mechi iliyokwenda hadi 120, msomaji ataelewa lilifungwa ndani ya muda wa nyongeza, ambayo kwa Kiitaliano ingekuwa 6' pts. Kanuni yake ni fupi: namba ya "pt" au "st" ikizidi 45, usijumlishe moja kwa moja, andika 45+ au 90+. La Kelly ni 14' sts, yaani 105 na 14.

Baadhi ya karatasi, zikiwemo ripoti za FIFA na UEFA, huhesabu mfululizo hadi 90. Ukichota misimu ya ligi kutoka karatasi za Kiitaliano na mechi za taifa kutoka FIFA, geuza zote ziwe mtindo mmoja kabla ya kujumlisha chochote.

Kwa dakika za uwanjani tumia kanuni moja na usiiache. Aliyecheza mechi yote mpe 90, au 120 ikiwa na muda wa nyongeza, bila kuhesabu dakika za majeruhi. Aliyetolewa 26' st mpe 71. Aliyeingia badala yake mpe 19. Aliyeingia baada ya 90 mpe dakika moja, maana mechi yake inahesabika hata kama hakugusa mpira. Mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi haiingii kwenye mabao kabisa, hata kama mkwaju wake ndio ulioleta kombe.

Na majina. Kikosi cha Italia cha Kombe la Dunia 2019 kilikuwa na kipa Laura Giuliani na kiungo Manuela Giugliano. Herufi moja au mbili tu zinawatenganisha, na vidole vikiwa na haraka huandika la mmoja kwa mwingine. Kikosi hichohicho kilikuwa na akina Valentina watatu: Cernoia, Giacinti na Bergamaschi. Jina la kwanza peke yake halitoshi, na herufi ya kwanza ya jina haisaidii chochote hapo.

Mechi ngapi ni nyingi?

Mechi 20 katika msimu si kipimo mpaka ujue msimu ulikuwa na mechi ngapi. Serie A ikiwa na timu 12, kila timu hucheza mechi 22. Ndivyo ilivyokuwa 2021–22. Kuanzia 2022–23 timu zilipunguzwa kuwa 10 na msimu ukagawanywa: awamu ya kwanza ya mechi 18, kisha timu tano za juu zikapambania ubingwa na tano za chini zikapambana kukwepa kushuka, kila moja mechi 8 zaidi. Jumla 26. Mfumo huo ulidumu misimu mitatu, na 2025–26 ligi ikarudi kwenye timu 12.

Kiungo aliyecheza mechi 20 msimu wa 2021–22 alikosa mbili tu. Aliyecheza 20 msimu uliofuata alikosa sita. Weka asilimia ya dakika pembeni: dakika alizocheza gawanya kwa jumla ya mechi za timu mara 90. Aliyecheza dakika 1,760 katika msimu wa mechi 22 ana karibu asilimia 89 ya dakika 1,980 zilizokuwepo. Huyo ni mhimili wa timu, afunge asifunge. Dakika hizohizo katika msimu wa mechi 26 ni asilimia 75.

Kwenye misimu ya awamu mbili baadhi ya majedwali huonyesha awamu ya kwanza peke yake. Ukiona mchezaji wa kutegemewa ana mechi 18 kamili msimu wa 2023–24, kuna mechi nane zimeachwa.

Msimu wa 2019–20 haukumalizika kwa sababu ya korona, na Juventus walipewa ubingwa. Takwimu za kila mchezaji msimu ule ziko chini, na hazimaanishi kiwango kilishuka. Sema hivyo kwa sentensi moja, vinginevyo msomaji atadhani aliumia.

Majeraha yenyewe yanajionyesha kwa namna nyingine: msimu mmoja mtupu au wenye mechi mbili tatu, katikati ya misimu iliyojaa. Kuchanika kano ya mbele ya goti ni jambo linalowapata sana wachezaji wa kike, na kurudi uwanjani huchukua takriban miezi tisa hadi kumi na miwili, hivyo pengo huweza kuangukia misimu miwili. Lakini usibuni jeraha kwa sababu tu umeona pengo. Kama klabu haikutangaza, andika idadi ya mechi na uishie hapo.

Supercoppa ina vurugu yake ya tarehe. Toleo la 2021 lilichezwa Januari 2022 mjini Frosinone. Taji liandike kwa mwaka wa toleo na mechi kwa tarehe halisi, ili msomaji asihesabu makombe mawili.

Ridhaa na kulipwa

Hapa lugha ya kawaida ya michezo inadanganya. Soka la wanawake la Italia lilikuwa la ridhaa kisheria hadi Juni 30, 2022. Sheria namba 91 ya 1981 iliwatambua wachezaji wa kulipwa tu pale shirikisho la mchezo lilipoamua, na FIGC, shirikisho la soka la Italia, halikuamua hivyo kwa wanawake mpaka Aprili 2022. Utekelezaji ukaanza Julai 1 mwaka huohuo kwa Serie A. Hata uwanja wa Allianz ulipojaza watu 39,027 kwa mechi ya Juventus na Fiorentina Machi 2019, waliokuwa uwanjani walikuwa wachezaji wa ridhaa mbele ya sheria. Walipewa fedha kwa makubaliano yaliyokuwa na kikomo cha euro 30,658 kwa msimu kabla ya makato.

Kwa mwandishi, maana yake ni hii. "Alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na Juventus 2017" ni sentensi isiyo sahihi. "Alijiunga na Juventus 2017" inatosha. Kwa aliyekwenda nje ni tofauti: Galli alipohamia Everton kutoka Juventus mwaka 2021, aliingia ligi ya kulipwa mwaka mmoja kabla ya wenzake aliowaacha nyumbani, na jambo hilo linastahili kutajwa. Ada za uhamisho za ndani ya Italia za kabla ya 2022 usiziandike kabisa. Ukikuta mtu ametaja kiasi, kiache.

Namba sita, namba nane au namba kumi

Hii ndiyo sehemu inayofanya wasifu usomeke kama wa kiungo. "Kiungo" peke yake haitoshi: namba sita hucheza chini mbele ya mabeki, namba nane hupanda na kushuka, na namba kumi hucheza nyuma ya straika. Giugliano huvaa jezi namba 10 pale Roma, lakini kwa miaka mingi kazi yake kubwa imekuwa ya kuchezesha kutoka chini, mbele ya mabeki, na kupiga mipira iliyokufa, kama frikiki na kona. Ukiangalia jezi tu utamwandika kama kiungo mshambuliaji wa nyuma ya straika. Rudi kwenye mstari wa kikosi, tazama jina lake liko wapi kati ya watatu, na fanya hivyo kwa mechi kumi za misimu tofauti. Ikitokea kati mara nane, umepata jibu. Ikitokea kulia, kati na kushoto kwa kupokezana, una kiungo kiraka, na neno hilo si tusi.

Caruso ni aina nyingine: namba nane anayechelewa kuingia kwenye boksi na kukutana na mpira. Ndiyo maana mabao yake ni mengi kuliko ya kiungo wa kawaida. Bao pekee la Italia dhidi ya Ubelgiji kwenye Euro 2025 lilikuwa lake. Kwa mchezaji kama huyu mabao ni sehemu halali ya habari. Kwa namba sita, badala ya mabao eleza dakika, mechi alizokuwa nahodha, na mipira iliyokufa aliyopewa jukumu la kupiga.

Mabao ya kiungo yagawe mara mbili: ya mchezo wa kawaida, na ya penalti au frikiki. Kiungo mwenye mabao tisa, sita yakiwa ya penalti, na kiungo mwenye tisa ya mchezo wa kawaida hawafanani. Pasi za mabao ziandike tu kama chanzo kimoja kimezihesabu kwa msimu mzima. Kila mtunza takwimu ana kipimo chake, na kuchanganya viwili ni kutunga.

Timu ya taifa

Hesabu mechi za timu ya wakubwa pekee, za kirafiki zikiwemo. Za U17, U19 na U23 zina mstari wake. Hilo la U17 lisipuuzwe, kwa kuwa Italia ilishika nafasi ya tatu kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2014 huko Costa Rica, na kizazi kile kiliingia kwenye timu ya wakubwa baadaye.

Weka mchezaji ndani ya wakati wake. Italia ilicheza Kombe la Dunia la 1991 ikafika robo fainali, ikacheza la 1999, halafu ikakaa nje hadi 2019. Kiungo aliyekuwa kwenye ubora wake kati ya 2000 na 2018 hakupata Kombe la Dunia hata moja, na hiyo si dosari yake. Kizazi cha 2019 chini ya Milena Bertolini kilifika robo fainali na kutolewa na Uholanzi 2–0. Euro 2022 na Kombe la Dunia 2023 Italia ilitoka hatua ya makundi. Andrea Soncin alichukua timu 2023 na kuifikisha nusu fainali ya Euro 2025. Kwenye Euro za zamani Italia ilifika fainali mbili, 1993 na 1997, ikapoteza zote, na viungo wa wakati ule kama Antonella Carta na Federica D'Astolfo wanastahili wasifu kamili kuliko mistari miwili wanayopewa kwa kawaida.

Sasa andika

Sentensi ya kwanza ibebe jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, nafasi, klabu na timu ya taifa. Kwa mfano: "Manuela Giugliano (amezaliwa Castelfranco Veneto, Agosti 18, 1997) ni kiungo wa Roma na timu ya taifa ya wanawake ya Italia." Usiweke sifa hapo. "Mmoja wa viungo bora duniani" haina kazi, wakati kuna jambo la kupimika unaloweza kulitaja chini: alikuwa kwenye orodha ya wagombea 30 wa Ballon d'Or ya wanawake mwaka 2024.

Aya zinazofuata ziende kwa klabu, si kwa mwaka. Msimu wa kawaida upe sentensi moja. Uhamisho, ubingwa, jeraha kubwa au mabadiliko ya nafasi uwanjani vipe nafasi zaidi. Makosa ya kuupa kila msimu aya yenye urefu sawa ndiyo yanayofanya wasifu uchoshe.

Angalia nyakati za vitenzi. Tukio lililokwisha liende na -li-: "alijiunga", "alifunga", "aliondoka". Kitenzi cha -me- kinachakaa haraka. "Amejiunga na Roma" kikisomwa miaka sita baadaye kinamdanganya msomaji kwamba ni habari ya jana. Kwa yanayoendelea, weka tarehe: "hadi mwisho wa msimu wa 2024–25". Kila jumla ya mechi na mabao iwe na tarehe yake ya mwisho kando, bila kukosa.

Mataji yaende kwa klabu na msimu. Roma: Serie A 2022–23 na 2023–24, Coppa Italia 2020–21 na 2023–24. Kwa mchezaji aliyeondoka Januari timu ikaja kutwaa kombe Mei, usiamue wewe kama ni bingwa. Andika kwamba alicheza nusu ya kwanza ya msimu huo.

Ukishamaliza, hakiki kwa kujumlisha tena kutoka chini kwenda juu: mechi za ligi za misimu yote, kisha mabao, kisha linganisha na jumla uliyoiandika kwenye sentensi za mwanzo. Zikitofautiana, kagua kwanza msimu wenye uhamisho wa Januari, kisha misimu ya awamu mbili, kisha 2019–20. Tofauti nyingi hukaa kwenye sehemu hizo tatu. Ukikuta chanzo kinampa mechi moja zaidi yako, tafuta mechi aliyoingia dakika za majeruhi.